Picha zangu zinakatika nusu na kuinama: je, ninunue amplifaya?

"Mtaalamu, hujambo. Niko Kajulu, Kisumu, na mwaka huu nilipata leseni ya redio ya ridhaa. Nina redio ya mkononi ya Baofeng UV-5R ya wati 5, laptopu ya Windows yenye MMSSTV (programu ya kutuma picha kwa redio), na kikadi cha sauti cha USB cha bei nafuu. Kebo kati ya laptopu na redio niliiunga mwenyewe. Ninamtumia mwenzangu aliye Maseno picha kwa mtindo wa Martin 1. Zinafika nusu hivi, kisha zinakufa. Na hiyo nusu inayofika imeinama: ukiangalia ukingo wa picha, pale inapokatikia umesogea kama thumuni ya upana. Rangi nazo zina michirizi. Mmoja ananiambia ninunue amplifaya ya wati 30, mwingine ananiambia hili jambo ni la kizamani, nihamie picha za dijitali. Lengo letu ni kumfikia rafiki wa tatu aliye Nakuru. Nifanye nini kabla sijatoa pesa?"

Ndugu yangu, pesa ibaki mfukoni kwanza. Umetaja matatizo matatu: kukatika, kuinama na michirizi. Mawili ya kwanza hayahusiani kabisa na nguvu ya redio, na la tatu huenda linaletwa na nguvu kupita kiasi, si upungufu. Ukiunganisha amplifaya leo, Maseno watapata nusu ile ile ya picha, imeinama vile vile, ila kwa wati 30.

Utajuaje kwamba si udhaifu wa mawimbi? Angalia sura ya uharibifu wenyewe. Picha ya FM inayofika kwa shida hujaa chengachenga juu hadi chini, kama mtu amemwagia unga, na huzidi pale mtu au gari linapopita kati. Haikatiki kwa mstari ulionyooka kama iliyokatwa kwa kisu. Kitu kinachokatika mahali pale pale kila mara kinakatwa na saa.

Saa hiyo imo ndani ya redio yako. Inaitwa TOT, nayo ni menyu namba 9 kwenye UV-5R. Kazi yake ni kuzuia redio isikwame hewani mtu akiikalia kitufe, na kiwandani huwekwa sekunde 60. Sasa piga hesabu. Martin 1 ina mistari 256, kila mstari unachukua milisekunde 446 na ushei, jumla ni sekunde 114. Kabla ya mstari wa kwanza kuna milio ya utambulisho inayokula karibu sekunde nzima. Sekunde 60 zikiisha, redio inanyamaza ikiwa imefika kwenye mstari wa 132 hivi, yaani nusu na kidogo. Laptopu haina habari. Inaendelea kupiga milio yake kwenye kebo mpaka mwisho na kukuonyesha kwamba picha imeenda yote.

Jaribio la kuthibitisha halihitaji hata kubadilisha mpangilio. Leo jioni mtumie mwenzako picha kwa mtindo mfupi zaidi, Robot 36. Hiyo humalizika kwa sekunde 36, kwa hiyo inapita chini ya TOT. Ikifika nzima, mwizi ameshikwa. Baada ya hapo ingia menyu 9, uiweke sekunde 180, urudi Martin 1. Usiiweke 600 kwa sababu tu inaruhusiwa. Siku kebo itakapogusana vibaya na redio ikakwama hewani, ni TOT itakayokuokoa.

Ukishaongeza muda, punguza nguvu. Katika maongezi ya kawaida unabonyeza, unasema maneno mawili, unaachia, na redio inapata kupumua. Picha haina pumzi: ni sekunde 114 za nguvu kamili bila kituo. Kiredio cha mkononi hakina bamba kubwa la kutolea joto. Kwa wati 5, baada ya picha tatu mfululizo utausikia mgongo wake ukichoma kiganja. Menyu 2, TXP, iweke LOW, na uache dakika mbili tatu kati ya picha. Nitaeleza hapa chini utakavyofidia hicho ulichopunguza, kwa gharama ndogo kuliko amplifaya.

Sasa mwinamo. Hapa inafaa kuelewa hasa kinachosafiri hewani, kwa sababu wengi hudhani programu inatuma faili, kama tunavyotumiana picha kwa simu. Hapana. Katika mtindo huu, unaoitwa SSTV, yaani televisheni ya mwendo wa pole, kinachokwenda ni sauti. Programu inaichukua picha, inaitembelea nukta kwa nukta kutoka kushoto kwenda kulia, na kila nukta inaipigia mluzi. Nukta nyeusi ni mluzi wa 1500 Hz, nyeupe ni 2300 Hz, na kivuli chochote kilicho kati kina mluzi wake katikati ya hizo mbili. Kila mstari una pigo fupi la 1200 Hz la kusema "mstari mpya". Martin 1 hupiga kila mstari mara tatu: kijani, bluu, nyekundu. Ndiyo maana picha inapita kwenye redio yoyote inayopitisha sauti ya mtu, na ndiyo maana ni ya pole. Copthorne Macdonald, Mmarekani aliyeanzisha jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1950, alitaka tu picha ijibane ndani ya nafasi ya maongezi.

Angalia basi kisichotumwa: hakuna anayemwambia mpokeaji "hii ni nukta ya 57". Mpokeaji anajua ni ya 57 kwa sababu muda wake umefika. Anwani ya kila nukta ni wakati wake. Laptopu yako inahesabu wakati kwa kikadi cha sauti, na ya mwenzako kwa kikadi chake. Vikadi hivyo vina vijiwe vya kupimia mwendo, na vya bei rahisi havikubaliani. Chako kikienda mbio kidogo kuliko chake, kila mstari unaanza mapema kidogo kuliko anavyotarajia, na makosa yanajumlishwa mstari baada ya mstari. Matokeo yake ni ukingo ulioinama kama ukuta uliojengwa bila timazi.

Utauliza, na lile pigo la 1200 Hz la kila mstari linafanya kazi gani? Zamani ndilo lililopanga kila mstari upya. Lakini kwenye mawimbi yenye kelele, pigo moja likimezwa na radi mstari mzima huruka pembeni, na picha hubaki imechanikachanika. Kwa hiyo programu kama MMSSTV huyatumia mapigo kuanza vizuri, kisha huamini saa yake yenyewe. Ni uamuzi mzuri: picha dhaifu inabaki na umbo. Gharama yake ni kwamba saa lazima iwe sawa.

Umenipa kipimo kizuri uliposema thumuni. Upana wa picha ni nukta 320, thumuni yake ni 40. Kila nukta katika Martin 1 inachukua milisekunde 0.458 hivi, kwa hiyo ukingo umechelewa au umewahi kwa milisekunde 18. Hizo zimejilimbikiza kwa sekunde 60. Gawanya: ni kama sehemu 305 katika milioni. Kwa saa ya ukutani hilo ni kosa la sekunde 26 kwa siku; usingelijali. Kwa picha ni nukta 40. Kikadi kizuri huwa na kosa la makumi machache ya sehemu kwa milioni, kwa hiyo ningekishuku kile cha USB kabla ya kingine chochote. Kichomoe, tumia soketi ya sauti iliyo ndani ya laptopu, kisha tuma tena. Mwinamo ukipungua sana, umejua wa kumlaumu.

Kama huna soketi nyingine, au mwinamo umebaki, rekebisha ndani ya programu. Kwenye MMSSTV fungua mipangilio, nenda kwenye ukurasa wa Misc. Utaona saa imeandikwa 11025. Kosa la sehemu 305 kwa milioni ni karibu 3.4 katika namba hiyo, kwa hiyo thamani sahihi iko kwenye 11021.6 au 11028.4. Jaribu moja, ikizidisha mwinamo, ni ile nyingine. Ila kuna swali la nani arekebishe. Kama kikadi chako ndicho kibovu, ukirekebisha saa utakuwa sawa pande zote mbili, kutuma na kupokea. Kama kibovu ni cha mwenzako, wewe usiguse kitu. Ukijipinda ili ulingane naye, utakuwa umeinama kwa dunia nzima. Mahali pale pale kwenye Misc kuna kisanduku cha Tx offset, kwa ajili ya kadi ambazo kutuma na kupokea kwake hakuendi mwendo mmoja. Kiache sifuri mpaka uwe na uhakika.

Na nani mkweli utamjua kwa shahidi wa tatu. Wawili peke yenu hamwezi kuamua. Kila mmoja ataona ya mwenzake imeinama. Usijipime mwenyewe kwa kurudisha sauti kwenye laptopu ile ile, kwa sababu saa ya kutuma na ya kupokea ni moja, na picha itanyooka hata kama kadi imeharibika kabisa. Usitegemee sana simu pia: programu nyingine za simu hupanga kila mstari kwa pigo lake, kwa hiyo huficha mwinamo badala ya kuuonyesha. Shahidi mzuri ni kituo kingine chenye kompyuta, au kituo cha anga cha kimataifa, ISS.

Hicho nakushauri ukizoee kwa vyovyote vile. Kuna siku ambapo ARISS, mpango wa redio ya ridhaa kwenye kituo hicho, huweka ISS itume picha kwa 145.800 MHz, FM, mara nyingi kwa mtindo wa PD120 unaochukua dakika mbili na sekunde chache, na siku hizo hutangazwa mapema. Sisi tulio karibu na ikweta hatupitiwi mara nyingi kama Ulaya. Tarajia mapito manne hivi kwa siku, mawili mawili, mengine ya chini sana kwenye upeo. Pito zuri ni dakika kumi. Kwa sababu ya mwendo wake, masafa huanza juu kidogo na kumalizikia chini kidogo: weka hatua ya redio, menyu 1, kuwa 5.0, anza na 145.805, hamia 145.800 kinapokaribia juu yako, maliza na 145.795. Kwenye FM kuteleza huko hakuinamishi picha wala kubadilisha rangi. Huongeza kelele tu. Squelchi (kinachonyamazisha spika mawimbi yakiwa dhaifu), menyu 0, iwe 0. SAVE, menyu 3, izimwe, kwa sababu redio inayosinzia ili kulinda betri huamka ikiwa imechelewa na kukosa milio ya utambulisho. TDR (kusikiliza masafa mawili kwa zamu), menyu 7, izimwe pia isije ikahamia masafa mengine katikati ya picha. Mpangilio huu wa menyu 0, 3 na 7 utumie hata mnapopokea picha za kwenu. Ukipata picha ya ISS imenyooka, saa yako ni nzima, na mwenye kazi ni mwenzako.

Nije kwenye michirizi. Hujaeleza kebo uliiungaje, na hapo ndipo ningeangalia. Tundu la spika za masikioni la laptopu linaweza kutoa karibu volti nzima. Mlango wa kipaza sauti wa redio ya mkononi unatarajia milivolti chache, kama kumi. Ukiunganisha moja kwa moja, redio inafanya kila iwezalo kubana sauti iliyozidi: inakata vilele vya mawimbi. Mluzi uliokatwa vilele si mluzi mmoja tena. Unazaa wenzake wa juu, na programu ya Maseno inaona rangi ambazo hukuzituma. Hapo ndipo michirizi na kingo zilizochakaa hutokea.

Dawa ni vipande vitatu vya vifaa vya elektroniki. Kwenye waya wa sauti unaotoka laptopu weka rezista ya kiloohm 10. Baada yake weka rezista ya ohm 100 kati ya waya huo na ardhi ya kebo. Hapo sauti imeshapunguzwa mara mia. Kisha kutoka kwenye makutano ya rezista hizo kwenda kipaza sauti cha redio pitisha kapasita ya mikrofaradi 1. Usiiruke hiyo kapasita: redio hupeleka volti ndogo kwenye waya wa kipaza sauti ili kukiwasha, na rezista ya ohm 100 bila kapasita itaimaliza. Kama mkono wako si mwepesi na solda, nunua kebo iliyotengenezwa kwa plagi pacha za redio hizi kwa ajili ya data. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya amplifaya.

Kisha panga kiwango cha sauti pamoja na mwenzako. Shusha sauti ya Windows mpaka chini, toa mlio mmoja wa kudumu, na upandishe polepole huku yeye akisikiliza kwenye spika yake. Kuna mahali ambapo wewe unapandisha na kwake sauti haiongezeki tena. Pale redio imeanza kubana. Rudi nyuma mpaka karibu nusu ya sauti hiyo, uweke alama, uache. Zima viboreshaji vyote vya sauti vya Windows, na zaidi ya yote zima sauti za taarifa. Kengele ya barua pepe ikilia katikati ya picha itatoka hewani pamoja na alama yako ya wito, na itaacha mstari mzuri wa rangi kuukumbuka.

Ukiona mawimbi ya kivuli yanayopita picha nzima kwa mteremko mmoja, chomoa chaja ya laptopu utumie betri. Huo ni mngurumo wa stima, 50 Hz, unaopita kwenye ardhi ya kebo. Na kama vurugu zinaanza papo hapo unapobonyeza kutuma, pengine hata kishale cha panya kinaruka, basi mawimbi ya redio yenyewe yanaingia kwenye kikadi cha USB. Redio ya wati 5 ikiwa mezani, antena yake sentimita 30 kutoka laptopu, hilo ni la kutarajiwa. Itoe antena nje.

Na antena ya nje ndiyo ile fidia niliyokuahidi. Kijiti cha mpira kinachokuja na redio ni cha kubebea, si cha kufikia Maseno. Nunua soketi ya antena ya kufungwa kwa skrubu, aina ya SO-239, na fito za shaba au alumini. Ufito wa katikati uliosimama uwe sentimita 49, na minne ya chini iwe sentimita 52, ikining'inia kwa nyuzi 45 kama miguu ya kigoda. Hiyo ni ya 144.500 MHz, mahali ambapo mpango wa masafa wa kanda yetu, Kanda ya 1, umepangia shughuli za picha. Ipandishe juu ya paa, ipite mabati. Waya wa antena wa aina ya RG-58 hula zaidi ya theluthi ya nguvu kwa kila mita 10 katika masafa haya, kwa hiyo usinunue mita 30 "za akiba" ukazikunja chumbani. Wati moja juu ya paa Kajulu itakushangaza.

Sasa ushauri wa dijitali. Aliyekuambia si mwongo, ila ameruka hatua. Katika picha za dijitali, kwa programu kama QSSTV ya Linux au EasyPal ya Windows, picha kweli inakuwa faili: inabanwa, inakatwa vipande vyenye namba, na kila kipande kinapelekwa kwa milio mingi midogo inayolia kwa pamoja ndani ya upana wa kilohezi mbili na nusu hivi. Mpokeaji akikosa vipande, programu yake inarudisha orodha ya vilivyopotea, na wewe unavituma hivyo tu. Picha ikikamilika ni ile ile uliyoituma, bila chembe ya kelele. Ni jambo zuri kulitazama. Lakini ikikosa kipande cha mwanzo, au mawimbi yakiwa chini ya kiwango, huoni kitu. Ile ya kizamani hukuonyesha picha chafu, na kutoka kwenye uchafu wake tumeweza kujua ugonjwa bila hata kufika kwako. Dijitali ingekuambia tu kwamba haikusoma.

Tena ingeumwa na magonjwa yale yale. Picha ya kilobaiti 20 inachukua dakika moja na nusu au zaidi, kwa hiyo TOT ingeikata. Saa iliyopotoka kwa sehemu 305 inaivuruga. Na ile milio mingi ya pamoja ina vilele virefu ambavyo redio ya FM iliyojazwa sauti itavikata mara moja, na hapo hakuna kipande kitakachosomeka. Safisha njia kwa Martin 1, kisha uhamie dijitali jioni moja tu. Utakuta inafanya kazi mara ya kwanza au ya pili.

Nakuru ni habari nyingine, na hapa niseme wazi: redio ya mkononi haitakufikisha. Ni kama kilomita 150 kwa mstari wa moja kwa moja, na kati yenu kuna vilima vya Nandi na Londiani pamoja na miinuko ya Mau. Amplifaya ya wati 30 haitoboi mlima. Mnahitaji redio za HF, yaani za mawimbi mafupi, na njia ya kwenda juu na kurudi: mawimbi ya 7 MHz yanayopanda karibu wima, yakarudishwa na tabaka la hewa la juu lenye umeme, yakashuka pande zote hadi kilomita mia kadhaa. Hayajali mlima. Antena yake ni rahisi, waya wa jumla ya mita 20, mita 10 kila upande, ukiwa juu mita 6 hadi 8 tu. Ukiupandisha sana unaanza kutupa nguvu mbali na kuiruka Nakuru.

Katika masafa hayo shughuli za picha ziko kwenye 7.165 MHz, upande wa chini, LSB. Mmoja akiwa LSB na mwingine upande wa juu (nao huandikwa USB, lakini si ile ya kompyuta) hamtapata kitu, maana milio inageuzwa kichwa chini. Na tofauti na FM, hapa kutega masafa kunahesabika: mkipishana kwa 50 Hz, kila rangi inasogea sehemu moja ya kumi na sita ya safari kati ya nyeusi na nyeupe. Redio ya wati 100 itumieni kwa 30 au 40, na shusheni sauti ya kompyuta mpaka mshale wa ALC, kipimo cha redio kinachoonya kwamba sauti imezidi, usicheze. Chagueni asubuhi, kuanzia saa tatu mpaka saa sita. Mchana ukikomaa, mawingu ya ziwani na ya Kericho yanaanza kazi yake, na kila radi inaacha mchirizi kwenye picha. Kwa asubuhi tulivu, dijitali kati ya Kisumu na Nakuru inafaa kweli. Kwa alasiri ya masika, Martin 1 au hata Robot 36 itafika ikiwa na makovu, lakini itafika.

Hakikisheni kwanza kwamba leseni zenu za Mamlaka ya Mawasiliano zinawaruhusu katika masafa hayo na kwa nguvu hiyo. Kama hamna hakika, ulizeni Mamlaka yenyewe au wenzenu wa Amateur Radio Society of Kenya kabla ya kuwasha. Alama ya wito iandikwe ndani ya kila picha na itamkwe kwa sauti pia. Picha za matangazo ya biashara haziruhusiwi, wala faili iliyofungwa kwa siri.

Kuna mambo ambayo siwezi kukusaidia kwa maandishi. Mlingoti mrefu wa chuma karibu na nyaya za stima, usiusimamishe bila mtu anayejua kuangalia ukianguka utaangukia wapi. Ardhi ya kuzuia radi, hasa kwenu Kajulu, iwekwe na fundi aliyesomea, na mawingu yakianza kujenga, chomoa waya wa antena uutoe nje ya nyumba; swichi ya redio haizuii kitu. Na mkifika kununua redio ya HF iliyotumika, nenda na mtu mwenye mzigo bandia wa ohm 50 (unaofungwa mahali pa antena ili kumeza nguvu) na kipima nguvu. Iwasheni kwa wati 40, mlio mmoja, dakika mbili mfululizo. Muuzaji atawaambia hakuna anayezungumza dakika mbili bila kupumua. Mwambieni nyinyi mnatuma picha.